Jumanne kwenye Baraza la Mashine

Barua iliingia na mvua, kama kila kitu hapa Tukuyu,
kona imelowa, wino umevimba kwenye neno "tunasikitika".
Nikaianika kando ya jiko la mkaa.
Ilipokauka nikaisoma tena.
Ilikuwa ile ile.

Bajeti imekatwa, wanasema.
Sisi kukata tunakujua: tunakata migomba, tunakata kauli,
kitovu hukatwa, roho hukatwa,
mheshimiwa huja kukata utepe.
Lakini aliyekata hapa hakushika hata wembe.
Alibonyeza kitufe, akaenda kula mchana.

Mimi si daktari. Mimi ni wa daftari.
Herufi moja tu, na miaka saba ya chuo.
Ndani ya mistari yangu ya buluu wamo
Ambokile, anayeitwa na marehemu kaka yake kutoka migombani,
kila jioni, kwa jina la utotoni;
Bupe, aliyejifungua Aprili na hadi leo
humbeba mtoto kama mzigo alioachiwa stendi;
na Gwamaka wa lori la mbao,
ambaye breki zake zilifeli mara moja tu, mteremko wa Iwambi,
na zinafeli tena kila usiku saa nane.

Kwanza waliondoa pikipiki. Ilikuwa "mali ya mradi".
Sista Tusekile akavaa mabuti ya mvua,
akapanga sindano kikapuni, akazifunika kwa jani la mgomba,
akaukata mlima kwa miguu. Ana miaka sitini na mitatu.
Kisha tukauza viti. Kisha meza.
Mwenye nyumba alisubiri miezi mitatu. Si mtu mbaya,
ana watoto wanasoma.

Sasa tunakutana kwenye baraza la mashine ya kusaga
ya Mzee Asangalwisye. Alitupa nafasi, hakueleza.
Baadaye, nikipekua daftari la mwaka wa kwanza,
nilikuta jina la mwanawe,
na pembeni msalaba mdogo, kwa mwandiko wangu.

Shida ni kelele.
Jambo la kunong'ona, hapa inabidi ulipigie ukelele.
Unga unatua kwenye nyusi, unatua kwenye kurasa,
mtu analia mbele yako, mdomo wazi, usisikie neno,
unatikisa kichwa tu, unaandika tarehe.

Jumanne iliyopita Gwamaka alivuta pumzi, akapaaza:
NAOGOPA KULALA
na umeme ukakatika hapo hapo.
Mkanda ukazunguka, ukachoka, ukasimama.
"Kulala" likabaki peke yake chini ya mabati.

Huku kwetu salamu yenyewe ni usingizi: Ugonile? Umelala?
Miaka minne anajibu kama wote, Ndaga, anapita.
Sasa foleni nzima ya ndoo na madebe ikamgeukia.
Nilitamani kumfunika kwa gunia.

Mama mmoja mwenye debe la mahindi, nisiyemjua,
akauliza, kama anayeuliza bei:
"Toka mwaka gani?"
Akamwambia.
"Mimi toka mwaka juzi," akasema,
akaketi juu ya debe lake.

Daftari lilikuwa limejaa.
Nikatoa ile barua mfukoni, nikaigeuza,
nikaandika jina lake upande usiosikitika.

Umeme ukarudi. Naye akarudi kwenye foleni
zamu isije ikampita.

Sindano zimebaki kumi na moja.
Majina, pamoja na lake, ni thelathini na manne.
Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini,
kisha kutoka chini kwenda juu.